Mizani Kuu ya Uotoni

Zipo nchi ambazo wachora ramani wamezisahau, na ipo moja iliyoomba yenyewe isichorwe mpaka takwimu zake zikamilike. Nchi hiyo inaitwa Uotoni. Aliyefika huko akarudi ni Bi Kuruthumu Mchopa, mkaguzi wa vipimo, mwanamke wa miaka hamsini na minne, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akizunguka masokoni na begi la mawe ya mizani, akiwanyima raha wauza nyama.

Sifa yake ilikuwa moja tu. Hakuwahi kuipitisha mizani mbovu, wala kuikataa iliyo nzima. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa na bucha, na bucha hiyo Bi Kuruthumu aliifunga mara mbili. Wifi yake alimnunia mwaka mzima. Bi Kuruthumu aliendelea kumsalimia kila siku, na kila siku aliendelea kutojibiwa, na mizani ya bucha ikabaki imefungwa mpaka ilipotengenezwa.

Sifa hiyo ndiyo iliyomletea barua kutoka Uotoni. Nchi ilikuwa inatimiza miaka kumi ya Mkakati wa Taifa wa Uchumi Hai, na sheria yao ilitaka kwamba kabla ya tathmini kuandikwa, Mizani Kuu ikaguliwe na mgeni, kwa kuwa kila mwananchi alikuwa anapimwa nayo na kwa hiyo ana maslahi. Walitafuta mgeni asiyehongeka. Wauza nyama walipoulizwa, wote walimtaja mtu mmoja, wengine kwa uchungu.

Safari yenyewe haina la kusimuliwa. Alifika.

Mpakani alipokewa na Bwana Lusekelo, Afisa Ufuatiliaji Daraja la Pili, mtu mzima mwembamba mwenye adabu na faili kwapani. Kabla ya kumkaribisha maji alimwomba apande kwenye mizani ndogo.

"Sabini na mbili," alisoma, akaandika. "Samahani, mama. Mgeni ni kiumbe hai. Ukinenepa ukiwa kwetu, tofauti tunaiandika kuwa ni zao lililokwenda nje."

"Na nikikonda?"

Bwana Lusekelo alifunga faili. "Huwa tunawaomba wageni wasikonde."

Njiani alimweleza habari za mkakati. Miaka kumi nyuma, wakubwa wa Uotoni waliamua kwamba nchi iache kutegemea vitu vinavyochimbwa ardhini, iishi kwa vinavyoota na kuzaliana. Nyuzi zitoke kwenye migomba, gesi kwenye samadi, mafuta ya taa kwenye mbegu, kamba na majamvi kwenye mafunjo ya kinamasi. Bi Kuruthumu aliliona hilo kuwa jambo la akili, akasema hivyo.

"Ndiyo," alisema Bwana Lusekelo. "Mwaka wa kwanza tulifanya hayo yote. Mwaka wa pili mtu mmoja akauliza tutajuaje kama tunaendelea."

Tangu hapo walikuwa wakijua. Kipimo kilikuwa kimoja, rahisi, ambacho hata mtoto angekielewa: uzito wa kila kitu kitokanacho na viumbe hai, kwa mwaka, kama kilivyosomwa kwenye Mizani Kuu. Na ili kisipotee kitu, ikatungwa Sheria ya Kwanza, ambayo ilikuwa imeandikwa juu ya milango ya shule na zahanati: *Hakivunwi kisichopimwa, na hakipimwi ila kwa Mizani Kuu.*

"Ng'ombe, kwa mfano," alisema Bwana Lusekelo. "Wizara ya Mifugo inampima kama nyama. Viwanda wanampima kama ngozi. Nishati wanampima kama samadi. Mazingira wanampima kama pumzi."

"Kwa hiyo ng'ombe mmoja huwa ng'ombe wangapi?"

"Wanne. Mkakati ulipoanza walikuwa wawili." Alisema hivyo bila kucheka, na Bi Kuruthumu, aliyemtazama usoni kwa makini, hakuona dalili kwamba alitaka kucheka.

Mizani Kuu ilikuwa imejengewa jumba lake katikati ya mji mkuu, jukwaa la chuma pana kama uwanja wa harusi, na mshale mrefu kuliko mtu. Bi Kuruthumu alikaa nayo siku tatu. Aliweka mawe yake katika kila pembe, akayaweka katikati, akayaondoa, akayarudisha. Alipima asubuhi chuma kikiwa baridi na adhuhuri kikiwa cha moto. Katika maisha yake hakuwahi kuona mizani kama ile. Ilikuwa sahihi mpaka gramu. Siku ya tatu aliipapasa ubavuni kama mtu anavyompapasa farasi mzuri, akaona haya, akatazama kama kuna aliyemwona.

Palikuwa na siku nne za kusubiri kabla ya kutoa ushahidi wake mbele ya Baraza la Taifa. Bwana Lusekelo alimpeleka barazani humo humo asikilize mjadala uliokuwa ukiendelea. Wajumbe walikuwa wamegawanyika pande mbili kwa miaka sita sasa. Upande mmoja ulishikilia kwamba mbuzi ni pembejeo, kwa kuwa anatoa samadi inayootesha majani. Upande wa pili ulishikilia kwamba mbuzi ni zao, kwa kuwa anatokana na majani. Hoja zilikuwa za kina na zenye heshima. Mbuzi aliyeletwa kama kielelezo alikula Kiambatisho cha Pili, na katibu akaandika kwamba kumekuwa na ongezeko la matumizi ya bidhaa za ndani.

"Kiambatisho kile ni bidhaa?" Bi Kuruthumu alinong'ona.

"Ni karatasi, mama. Karatasi ni mafunjo. Mafunjo ni uhai." Bwana Lusekelo alifungua faili na kumwonyesha mchoro wa mwaka uliopita. "Ndilo zao letu kubwa. Asilimia sabini na moja ya uzito wote."

"Karatasi hizo mnamuuzia nani?"

"Hatuuzi. Tunaziandikia. Kila kikundi kinachozalisha kinajaza fomu kila wiki. Fomu zinafanyiwa ripoti, ripoti zinafanyiwa muhtasari, muhtasari unafanyiwa mapitio. Zote zinapita mizanini."

Bi Kuruthumu aliutazama mchoro. Mstari ulikuwa unapanda vizuri sana. Akaomba aonyeshwe mafunjo yanakotoka.

Kinamasi cha Nsase kilikuwa mwendo wa nusu siku. Zamani, Bwana Lusekelo alisema, vilikuwapo vingine vitano, lakini vyote vilishafikia malengo. Walipofika Bi Kuruthumu alielewa maana ya maneno hayo, kwani barabara ilikuwa imepita katikati ya mabonde mawili yenye matope makavu yaliyopasuka, na kwenye kila bonde palikuwa na kibao cha pongezi. Nsase ilikuwa bado. Mafunjo yalisimama marefu, mabichi, vichwa vyao vikiyumba, na chini yake maji yalikuwa meupe kiasi cha kuona kambale wakipita.

Ukingoni walikuwapo wanawake wapatao arobaini, wakichana, wakisuka, wakianika. Kiongozi wao aliitwa Nasaka, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono imejaa makovu madogo ya kukatwa na mafunjo. Alimpa mgeni jamvi akae.

"Hilo ulilokalia lina miaka tisa," alisema. "Ndilo kosa letu."

"Kosa gani?"

"Muulize bwana huyo. Yeye ndiye anayetuandikia maksi."

Bwana Lusekelo alikohoa. Alieleza kwamba jamvi likidumu miaka tisa, nyumba hainunui lingine kwa miaka tisa, na hivyo kikundi cha Nasaka kilikuwa na uzito mdogo mno kwa mwaka. Zaidi ya hapo, hakikuwa na taka. Mabaki ya mafunjo waliyatumia kuwashia moto, na majivu wakaweka mashambani. Na kwa vikundi palikuwa na kigezo cha tani za taka zilizochakatwa, nao, kwa kutokuwa na taka, walipata sifuri. "Ripoti ya wiki, kwa upande mwingine," alimalizia, "hudumu mpaka itakapopokelewa. Hiyo inachochea uzalishaji."

"Wanakuja kukata," Nasaka alimwambia Bi Kuruthumu, kana kwamba Bwana Lusekelo hayupo. "Nsase yote. Tathmini ya miaka kumi inataka nakala moja kwa kila raia, na viambatisho. Mashine zimeshafika, zile pale."

Kweli zilikuwapo, kumi na mbili, zimepangwa mstari mmoja juu ya kilima, na madereva wake wamelala kivulini.

"Wanasubiri nini?"

"Wanasubiri wewe," alisema Nasaka. "Sheria ya Kwanza. Hakivunwi kisichopimwa. Mpaka mgeni aseme mizani ni nzima, hawaruhusiwi kukata hata bua moja. Ndiyo maana nilitaka nikuone. Nilitaka nijue una sura gani."

Wanawake walileta kambale wa kukaanga na ugali, wakala pamoja. Walipokuwa wananawa, Nasaka aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia njia:

"Mizani kubwa kama ile ikiharibika, mama, inachukua muda gani kutengenezwa?"

"Fundi atoke mbali. Mwaka. Pengine zaidi."

"Na mafunjo yakikatwa yote kwa mkupuo hayarudi. Yakiachwa mwaka, tutapata mbegu na vipande vya kupanda kule kwenye mabonde yaliyokauka. Nimeshaongea na wenzangu." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Ni nzima?"

"Ni nzima," alisema Bi Kuruthumu. "Sijawahi kuona nzima kama ile."

Nasaka alitikisa kichwa taratibu. Hakuomba kitu, na hilo lilimsumbua Bi Kuruthumu njia nzima ya kurudi kuliko kama angeomba.

Kabla ya siku ya ushahidi alijaribu njia ya haki. Aliomba kumwona Mpimaji Mkuu wa Taifa, Mzee Kahemele, mtu mnene mpole ambaye ofisi yake ilikuwa na kiti kimoja tu kisichokaliwa na mafaili. Alimpisha mgeni kiti hicho, yeye akasimama.

"Mzee wangu," alianza Bi Kuruthumu, "mizani yenu haina kasoro. Lakini mnachokipima ni karatasi za kuelezea mnavyopima. Mkikata Nsase mtakuwa mmemaliza kitu chenyewe ili muandike kwamba kipo."

Mzee Kahemele alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kufunga mlango.

"Unadhani sijui?" alisema. "Mimi ndiye niliyechora ule mchoro wa kwanza, bado nina akili zangu. Haya, leo niondoe karatasi. Mkakati utashuka asilimia sabini na moja kwa siku moja. Na sheria inasema mkakati ukishuka zaidi ya asilimia tano, uandikiwe Mpango wa Marekebisho, kila wilaya mpango wake, kila kikundi mpango wake. Unajua mpango mmoja una kurasa ngapi?"

"Ngapi?"

"Mia tisa." Akakaa juu ya mafaili. "Nsase isingetosha. Nimefanya hesabu mara tatu, Bi Kuruthumu. Tathmini ndiyo inayokata mafunjo machache. Nimewachagulia lile dogo."

Alionekana amechoka sana, na Bi Kuruthumu, aliyekuwa amekuja na hasira, alijikuta akimwonea huruma. Alimuuliza kama hakuna sheria yoyote inayoweza kuacha jambo lisimame tu, bila kupanda wala kushuka.

"Kuna moja," alisema Mzee Kahemele. "Kama hakuna kipimo, hakuna utendaji. Na kama hakuna utendaji, hakuna mtu wa kuulizwa." Alitazama dirishani. "Lakini kipimo kipo. Wewe mwenyewe umekikagua."

Siku ya ushahidi baraza lilijaa. Mbuzi alitolewa nje kwa heshima ya mgeni. Bi Kuruthumu alivaa gauni lake la kazini lililopigwa pasi na kusimama mbele ya wajumbe mia mbili. Cheti kilikuwa mkononi, amekwisha kukijaza kwa mwandiko wake wa mviringo: *Mizani ni sahihi.* Alikuwa ameandika maneno hayo mara elfu nyingi maishani.

Mzee Kahemele alisimama. "Mkaguzi, tunakuuliza mbele ya taifa. Mizani Kuu ni sahihi?"

Bi Kuruthumu alifungua kinywa. Aliwaza kuhusu kaka yake, amesimama mlangoni mwa bucha iliyofungwa, watoto wake nyuma yake, akimwambia, Kuru, ni gramu thelathini tu, nani atajua? Naye alimjibu kwamba yeye atajua.

"Si sahihi," alisema.

Mzee Kahemele alimtazama, uso wake ukiwa hauna kitu chochote, akauliza, "Kwa kiasi gani?"

Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Hakuwahi kusema uongo wa vipimo, kwa hiyo hakujua kwamba nao unahitaji vipimo. "Nusu kilo," alisema, "katika kila tani." Na cheti alichokuwa nacho akakikunja mara nne ndani ya kiganja.

Aliyekuwa na wasiwasi ni yeye peke yake. Katika nchi ile hakuna aliyewahi kutilia shaka tarakimu iliyotolewa na mtu mwenye kazi ya kutoa tarakimu. Hawakumwomba ushahidi, wala jiwe, wala daftari lake. Mjumbe mmoja wa upande wa Pembejeo alisimama na kuuliza kama mizani ilikuwa imezidisha au imepunguza. Bi Kuruthumu alitambua kwamba hilo hakulisema, akataka kusema. Mwenyekiti alimzuia kwa mkono.

"Mgeni ametupa ukubwa wa kosa," alisema. "Mwelekeo wa kosa ni suala la sera."

Walijadili siku mbili. Mwishowe ilipitishwa kwa kura nyingi kwamba mizani imekuwa ikipunguza, na kwamba kwa miaka kumi taifa limekuwa likifanya vizuri kuliko lilivyojijua. Watu walipongezana. Pande zote mbili zilikumbatiana, ingawa habari ya mbuzi ilibaki palepale. Kisha Mizani Kuu ikafungwa kwa mnyororo kusubiri fundi kutoka nje, na kwa mujibu wa Sheria ya Kwanza, uvunaji wote wa mafunjo ukasimamishwa nchi nzima, na kwa kuwa hapakuwa na mafunjo, fomu za wiki nazo zikasimama.

Bi Kuruthumu alipita Nsase akielekea mpakani. Madereva walikuwa wameondoka na mashine zao. Nasaka alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, yeye na wenzake, wakichimbua mizizi na kuirundika kwenye matenga. Alimwona, akatoka, akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyolowa.

"Ulisema ni nzima," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni nzima."

Nasaka hakusema asante. Alimshikilia tu, akamtazama kama mtu anayetazama mzigo aliobebewa na mwingine na kukadiria uzito wake. Kisha akarudi majini, kwani kazi ilikuwa nyingi na mwaka ni mfupi.

Nyumbani Bi Kuruthumu alirudi kazini siku ya Jumatatu. Hakuna aliyejua. Alizunguka masokoni na begi lake kama zamani, na ilipopita miezi michache akafikia mizani ya mama mmoja muuza dagaa, akaipima, akaikuta ina kasoro.

"Si sahihi," alimwambia.

"Una hakika, mama?" mwanamke yule aliuliza. Hakuwa mkorofi. Alikuwa ameogopa tu, na aliuliza kama wanavyouliza wote.

Bi Kuruthumu alikuwa na hakika. Aliirudia mara tatu, matokeo yakawa yale yale. Lakini alijisikia akisema "nina hakika," na sauti ilikuwa ile ile aliyoitumia barazani, bila tofauti hata ya unywele. Kama yeye mwenyewe hakuweza kuzitofautisha, muuza dagaa angewezaje?

Barua ya Nasaka ilikuja mwaka ulipokaribia kwisha. Ilikuwa fupi, imeandikwa nyuma ya kipande cha fomu ya zamani. Mabonde mawili yalikuwa yameota. Kambale walikuwa wamerudi katika moja, la pili bado. Baadhi ya maofisa wasiokuwa na la kuandika walikuwa wanakuja kujifunza kusuka, na Bwana Lusekelo alikuwa na mkono mzuri isipokuwa mwendo wake ni wa polepole. Fundi alikuwa amefika, amekagua mizani wiki nzima bila kuona ubovu, na kwa kuona aibu ya safari ndefu ameandika kwamba ameitengeneza. Itafunguliwa mwezi ujao. Wanataka ukaguzi mwingine. Baraza limeamua, alimalizia Nasaka, jina lako lipendekezwe tena.

Siku iliyofuata Bi Kuruthumu alikwenda kwa mkuu wake wa kazi, Bwana Swedi, akamweleza yote tangu mwanzo, akaweka mezani barua ya kuacha kazi.

Bwana Swedi aliisoma mara mbili. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini.

"Kuruthumu, hakuna aliyelalamika," alisema. "Nchi yenyewe siioni kwenye ramani. Umewaokolea watu maji yao. Mimi hapa nakuona umefanya jambo jema. Hebu niambie kweli, ungerudishwa pale leo, mbele ya wale watu, ungerudia?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyozoea kufikiri kabla ya kuweka jiwe.

"Ningerudia," alisema. "Ndiyo maana siwezi kubaki."